Zuena na Cheti cha Umaskini

Zuena alizaliwa Muyinga, kaskazini mwa Burundi, mtaa wa Waswahili, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na sauti aliyoizoea baada ya sauti ya mama yake ilikuwa ya nyundo. Baba yake, Chabani, alikuwa fundi wa bati. Kwa mkasi, nyundo na lehemu alitengeneza vibatari, ndoo, karai na madebe ya kumwagilia maji, na watu walikuja kwa miguu kutoka hata Buhinyuza kununua kwake, kwa sababu karai la Chabani halikuvuja. Mama yake, Pili, alikulia ng'ambo ya mpaka, Ngara, akaolewa Muyinga na Kiswahili chake cha Tanzania. Majirani walimtania kwa Kiswahili hicho miaka mingi mpaka wakachoka.

Vita vilipoanza mwaka 1993, Zuena alikuwa na miaka kumi na tano. Miaka mitatu baadaye nchi jirani zikafunga mipaka, bidhaa zikaadimika, na fundi wa bati akawa mtu wa kutafutwa. Ndoo za plastiki hazikuingia tena, na makopo matupu ya mafuta ya msaada yakawa mali. Chabani alifanya kazi tangu alfajiri hadi magharibi, na jasho la miaka hiyo ndilo lililomfikisha binti yake mwisho wa sekondari. Kisha mwaka 1999 vikwazo vikaondolewa, malori yakaja na ndoo za kila rangi, nyepesi kama majani. Karai la Chabani bado halikuvuja, ila wanunuzi walikuwa wameligeuzia mgongo.

Miaka miwili baadaye Zuena alikuwa Gitega, mwaka wa pili wa masomo ya kilimo. Alipanga chumba kwa Mama Cibalonza, mfanyabiashara kutoka Bukavu aliyekimbia vita vya kwao na kuanza upya na magunia mawili ya ndagala, dagaa wakavu. Kodi hakulipa kwa fedha. Kila Jumamosi alisimama kwenye meza ya Mama Cibalonza sokoni, na barua zote za Kifaransa zilizofika nyumbani alizisoma yeye. Masomo alikuwa anayapenda, lakini yalikuwa yanasuasua. Walimu waliotoka Bujumbura walifika wiki ambazo barabara ilikuwa salama, na somo la magonjwa ya mimea, ambalo ndilo lililomvuta, alilisubiri muhula mzima bila kumwona mwalimu wake.

Siku moja ya mwezi wa pili, mwaka 2001, akakuta tangazo limebandikwa ukutani. Mfuko mmoja wa kusaidia wanafunzi kutoka nchi zenye vita ulikuwa unatafuta wanne, walioanza chuo tayari, wenye alama nzuri na wasio na uwezo wa kujilipia, wakamalizie shahada Kameruni. Tiketi, karo, malazi, vyote juu ya mfuko. Zuena alilisoma mara tatu. Alama anazo. Uwezo wa kujilipia hana. Akaona tangazo kama limeandikwa na mtu anayemjua.

Aliporudi, Mama Cibalonza alimtazama usoni akaacha kupepeta ndagala.

"We Zuena, iko nini? Sura yako imebadilika."

"Kuna bursi, Mama Ciba. Ya kwenda kusoma Kameruni."

"Kameruni iko mbali?"

"Iko mbali sana."

"Bon. Hii ndagala nayo inatoka mbali na inafika sokoni. Enda."

Makaratasi yaliyotakiwa hayakuwa mengi: alama za chuo, barua ya mwanafunzi mwenyewe, na cheti cha umaskini kilichotiwa saini na mzazi na kugongwa muhuri na komine, yaani ofisi ya serikali ya mahali alikozaliwa. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Zuena akapanda lori la chumvi lililokuwa linakwenda Muyinga kupitia Karuzi. Barabara ilifunguliwa saa tatu asubuhi, askari walipomaliza kuipita kwa miguu wakitafuta mabomu yaliyofukiwa, na magari yote yakaondoka kwa mstari mmoja, vumbi jekundu likiwafunika abiria mpaka kope. Njia nzima hakuwa na wasiwasi na cheti. Aliona hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote.

Alifika alasiri. Baba yake alimaliza kuswali, akakaa kwenye kiti chake cha mbao, akaipokea ile fomu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi. Kifaransa alikijua cha kusikia tu, si cha kusoma. Akaweka kidole chini ya neno lililoandikwa kwa herufi kubwa.

"Hii neno inasema nini?"

"Inasema mzazi hana uwezo, Baba."

"Ile inasema *hana uwezo*, ama inasema kitu ingine? Soma vile iko."

Zuena akasoma vile ilivyo. Fukara. Mtu asiye na kitu.

Chabani akaikunja fomu mara mbili, taratibu, kama anavyokunja ukingo wa bati, akamrudishia.

"Mi siko fukara."

"Baba, ni karatasi tu. Kila mwanafunzi anaileta."

"Kila mutu alete yake. Mi niko na mikono miwili. Mwaka ya tisini na tatu, watu kumi na moja walilala kwa hii nyumba siku arobaini. Nani aliwalisha? Fukara ndiyo analisha watu kumi na moja?"

Pili, aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni, akaingilia kwa upole. "Baba Zuena, hakuna anayekutukana. Mtoto anaomba mlango ufunguliwe."

"Ufunguliwe. Lakini mi sipite ndani nikiwa natambaa."

Zuena alikasirika. Alitaka kumwambia kwamba ndoo zilizoning'inia ukutani pale karakana hazijaguswa tangu Idi, kwamba mama yake ameuza khanga zake mbili nzuri, kwamba jirani wote wanajua. Alijua akisema hayo atashinda mabishano, na akajua pia hataweza kuyameza tena. Akainuka, akaenda kumsaidia mama yake maharagwe.

Kesho yake alikwenda komine peke yake. Karani, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alimsikiliza nusu akiendelea na kazi yake, halafu akavuta fomu mpya kutoka kwenye droo.

"Wababa wengi wanakataa. Haina shida. We weka kidole yako hapa, mi naandika jina yake. Nani atajua?"

Akamsukumia kidau cha wino. Zuena akainua macho. Nyuma ya karani, ukutani, kulikuwa na orodha ndefu ya majina yaliyochapwa kwa mashine. Ni wale waliotambuliwa kuwa mafukara, wasamehewe gharama za dawa. Siku ya soko orodha hiyo ilisomwa kwa sauti mbele ya watu, kila mmoja akiitwa asogee. Zuena aliwafahamu baadhi yao, na hakuona aibu yoyote kwao. Lakini akilini alimwona baba yake amesimama pale na mkasi wake mfukoni, akisikia jina ambalo hakulitoa yeye.

"Nitarudi," akasema, na kidau cha wino akakiacha palepale.

Alimkuta Chabani karakana anakata bati. Akavuta kigoda, akashika upande wa pili ili bati lisiyumbe, kama alivyokuwa akifanya tangu alipokuwa darasa la kwanza. Walikata vipande vitatu.

"Baba, sitaandika kwamba we ni fukara," akasema hatimaye. "Lakini lazima niandike kitu. Niambie niandike nini."

Chabani alipima ukingo kwa kidole, akaupiga nyundo mara mbili, akaupima tena.

"Andika kwanza kile mi naweza."

Zuena akatoa daftari.

"Andika: mi Chabani, fundi ya bati, Muyinga. Naweza kumununulia mutoto wangu sabuni, mafuta, na viatu kila mwaka. Naweza kumutumia maharagwe na unga ya muhogo Gitega, njia ikiwa wazi. Nililipa sekondari yake yote, sikukosa hata muhula moja. Umeandika?"

"Nimeandika. Na usichoweza?"

Nyundo ilisimama. Zuena hakumtazama, aliyakodolea macho maneno aliyokwisha kuandika na kungoja.

"Siwezi kununua tiketi ya ndege," Chabani akasema. "Siwezi kulipa shule ya inchi ya watu. Nikiuza nyumba naweza kulipa mwaka moja, halafu mama yako na wadogo zako watalala wapi? Tangu ndoo za plastiki zimerudi, nauza kidogo kuliko nilivyokuwa nauza. Hiyo yote iko kweli, andika. Na uandike kwamba mutoto ana akili. Hiyo nayo iko kweli."

Aliandika yote kwa Kiswahili upande mmoja, kama yalivyotoka kinywani, na upande wa pili akayageuza kwa Kifaransa. Chabani akatia saini yake, herufi kubwa zilizosimama wima, akaoga, akavaa kofia, wakaenda pamoja kwa Houssein, shefu, yaani mkuu wa mtaa. Houssein alimfahamu Chabani miaka thelathini na alikuwa na karai lake nyumbani. Aliisoma barua mpaka mwisho, akairudia.

"Hii si atestasyo, si cheti, Chabani. Hii ni ushahidi."

"Iko na uongo?"

"Haina." Na chini yake akaandika kwa mkono wake kwamba yote yaliyosemwa humo anayajua na ni kweli, akagonga muhuri wa mtaa.

Karani wa komine yeye alikataa kuigusa. Karatasi haina namba, akasema, haina kichwa, haiko katika fomu. Zuena hakubishana. Akaikunja ndani ya daftari lake la mimea, akamuaga mama yake, akapanda lori la kurudi akiwa na gunia dogo la maharagwe.

Lori hilo lilikwama Karuzi siku mbili, maana risasi zilisikika mbele na njia ikafungwa. Ijumaa asubuhi magari yakaruhusiwa, halafu yakasimamishwa tena kwenye kizuizi cha mwisho, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kabla ya Gitega. Dereva akazima injini, akajinyoosha. Zuena alitazama jua. Ofisi ya kupokea makaratasi ingefungwa saa tisa.

"Gunia langu ni la Mama Cibalonza, yule wa ndagala, soko kuu," akamwambia dereva. "Ukifika, mpelekee."

Akaungana na wanawake waliokuwa wanapeleka mboga mjini, askari wakawapekua, wakawaacha wapite. Alitembea akiwa ameshika daftari kifuani na viatu mkononi ili visichakae. Aliingia ofisini saa nane na nusu, miguu imejaa vumbi hadi magotini, akaweka makaratasi yake mezani. Mwandishi wa ofisi aliyapitia, akafika kwenye barua ya Chabani, akaigeuza huku na huku.

"Cheti kiko wapi?"

"Ndicho hicho."

Aliyemtangulia kwenye foleni alikuwa Aboubakar, wa darasa lake. Baba yake Aboubakar alikuwa na malori mawili ya kahawa. Cheti chake cha umaskini kilikuwa safi, kina namba, kichwa na mihuri mitatu. Aboubakar hakuwa mtu mbaya. Alimgawia Zuena maelezo ya masomo kila alipokosa. Alitazama ile barua akatikisa kichwa.

"Zuena, hii wataitupa. Kwa nini hukufanya kama watu wote?"

"Watu wote si watoto wa Chabani."

Wiki tatu baadaye waliitwa kumi na tisa kwa ajili ya mahojiano. Chumba kilikuwa na meza moja na watu watatu nyuma yake: mwenyekiti, ambaye alikuwa profesa mzee mwenye tai; katibu wake; na Madamu Marceline, mwanamke wa Bukavu aliyeufanyia kazi ule mfuko. Waliongea Kifaransa, na Zuena alishangaa kuona moyo wake umetulia. Hakuwa na kitu cha kuficha, na hilo lilimpa wepesi ambao hakuutegemea.

"Binti," mwenyekiti akaanza, "mbona huna cheti kama wenzako? Baba yako ni maskini au si maskini? Tunataka jibu moja."

"Baba yangu ni fundi, bwana profesa. Anafanya kazi kila siku. Kazi yake imenifikisha hapa Gitega. Kameruni haifiki."

Katibu akainama kuandika. Madamu Marceline alikuwa ameigeuza ile barua upande wa Kiswahili, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo akisoma.

"Nani aliyeandika upande huu?"

"Alisema yeye, nikaandika mimi."

"Na muhuri wa komine?"

"Nilionyeshwa njia ya kuupata bila yeye kujua. Niliikataa njia hiyo."

Mwenyekiti akaegemea kiti. "Tutajuaje kwamba haya ni kweli? Barua kila mtu anaweza kuandika."

"Na cheti pia kila mtu anaweza kukipata," Zuena akasema, kwa adabu lakini bila kushusha macho. "Msituamini kwa karatasi. Njooni mtazame nyumba zetu. Yetu ni ya tatu kutoka msikitini. Mkipotea, sikilizeni nyundo iko wapi."

Kisha Madamu Marceline akamuuliza anataka kwenda kusoma nini hasa, na Zuena akasahau kabisa habari ya cheti. Aliwaeleza juu ya mihogo. Wajomba zake waliolima karibu na mpaka walikuwa wameanza kuona majani yenye madoa ya njano, yamejikunja kama ngumi, na mizizi midogo kama vidole. Kule ng'ambo waliita batobato. Kwenye vitabu alivyovipata alikuwa amesoma kwamba ugonjwa huo umekwisha kula mashamba ya Uganda na unashuka kusini. "Ukifika hapa kwa nguvu," akasema, "watu waliokimbia vita na kurudi watakuta shamba halina kitu. Nataka niwe nimejifunza kabla haujafika."

Alipotoka alikuwa anajua kwamba, wakimchukua wasimchukue, amesema alichokuja kusema.

Mfuko ukaamua kwamba kila mmoja wa wale kumi na tisa atatembelewa kwao, popote barabara itakaporuhusu. Habari hiyo ilipobandikwa, majina saba yalijitoa yenyewe ndani ya siku tano. Aboubakar alikuja sokoni Jumamosi, akasimama mbele ya ndagala akizichezea.

"Mi pia nimejitoa. Muzee amesema hataki mugeni wa kuhesabu malori yake." Akacheka, lakini hakuinua macho kutoka kwenye ndagala. "Kusema ukweli, Zuena, ningeipata, ningekuwa nimekula sahani ya mutu."

"Utasoma wapi?"

"Kampala. Atalipa. Siku zote alikuwa na uwezo wa kulipa."

Mama Cibalonza, aliyekuwa anajifanya hasikii, akamfungia ndagala kwenye gazeti na kumpa bure.

Madamu Marceline alifika Muyinga kwa gari la kuazima la parokia. Pili alisimulia baadaye kwa barua namna ilivyokuwa. Chabani hakufagia karakana zaidi ya kawaida wala hakuficha kitu. Alimkaribisha mgeni chai, akamjibu kila alichoulizwa, idadi ya ndoo anazouza kwa mwezi, idadi ya watoto, nani analima na wapi. Mgeni alipopendezwa na karai moja akataka kulinunua, Chabani akakataa.

"Leo siuzi, Madamu. Isije ikasemwa. Mambo yakiisha, vile yataisha, njoo utanunua."

Mambo yaliisha mwezi wa sita. Barua ilifika kwa Mama Cibalonza ikiwa imelowa pembeni, na Zuena akaisoma kwa sauti palepale sokoni: alikuwa wa pili kati ya wanne. Mama Cibalonza alishusha kitenge kipya cha rangi ya machungwa kutoka kwenye meza yake, akamfunga kiunoni juu ya nguo, akarudi kupima ndagala zake.

Nyumbani Muyinga, Chabani alitaka kujua jambo moja tu.

"Mule ndani wameniita nani?"

Zuena akatafuta mahali penyewe. "Wameandika: mwanafunzi mwenye uhitaji."

"Uhitaji." Alilizungusha neno mdomoni. "Hiyo naikubali. Kila mutu iko na uhitaji." Halafu akaenda msikitini mapema kuliko kawaida yake, na aliporudi macho yalikuwa yamevimba, na hakuna aliyemuuliza.

Alisafiri mwezi wa tisa. Kameruni walimpeleka mji wa milimani wenye ukungu na baridi iliyompa kikohozi miezi miwili. Kifaransa hakikumpa shida, chakula ndicho kilichomchosha. Viazi vyao wanavyoviita makabo vilimwasha koo mpaka alipofundishwa kuvipika. Fedha za matumizi zilichelewa muhula wa kwanza, akaishi kwa kusuka nywele za wenzake bwenini. Vita vya kwao alivisikia redioni tu, na kila jina la mkoa lilipotajwa alisimama katikati ya chumba mpaka litajwe lingine. Lakini darasani alikuwa nyumbani. Somo la magonjwa ya mimea lilikuwa na mwalimu, tena mwenye maneno mengi, na kila wanafunzi wawili walikuwa na hadubini yao. Siku alipomwona kwa mara ya kwanza inzi mweupe anayesambaza batobato, mdogo kuliko punje ya chumvi, alimtazama muda mrefu kama mtu anayekariri sura ya mwizi.

Mwaka wa pili Pili akamwandikia: "Mwanangu, lile jambo ulilokuwa unalisema limefika. Wajomba zako wameng'oa mihogo, wakapata mizizi ya kujaza kikapu kimoja tu. Unga sasa tunanunua." Zuena akabadilisha kazi yake ya mwisho, akaandika juu ya batobato na pingili safi za kupanda.

Alimaliza mwaka 2004. Wawili kati ya wenzake watatu waliotoka Burundi pamoja naye waliamua kubaki, na hakuwalaumu. Yeye alirudi. Watu wa Muyinga walimwuliza kama amepungukiwa na akili, kutoka penye amani kurudi pasipojulikana, na yeye akawajibu kwamba mihogo ya kule haikuwa na haja naye. Alipata kazi kwenye mradi wa kilimo wa mkoa, akapewa pikipiki iliyotumika na eneo la Buhinyuza.

Huko alikutana na Hidaya, mjane aliyekuwa amerudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania akiwa na watoto watano na shamba moja la mihogo iliyougua yote. Zuena alitembea ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akamwambia ukweli: ing'olewe, ichomwe, apande upya.

Hidaya alimtazama kuanzia kofia ya pikipiki mpaka viatu. "Umesoma Kameruni ili uje uning'olee chakula?"

"Chakula hiki mama hakitakushibisha. Mzizi wake ni huu." Zuena akachimbua mmoja kwa mkono, ukatoka mwembamba kama mpini wa kijiko.

"Hata huo ni mzizi. Nikiung'oa, leo jioni watoto watakula karatasi zako?"

Zuena alikaa chini kwenye tuta. Akamwambia Hidaya, kwanza amweleze ni nini anachoweza kuachilia bila watoto kulala njaa. Hidaya akafikiri, akaonyesha kona ya chini, mistari sita karibu na mto. Hiyo anaweza. Nyingine hawezi. Basi wakaanza na mistari sita. Zuena alileta pingili safi, akamfundisha kuzichagua, kuzitenga mbali na zilizougua, na kung'oa mche wowote utakaotoa jani lenye madoa hata kama moyo unauma. Kila wiki alirudi. Mara moja njia ya kutoka Bujumbura ilifungwa kwa sababu ya mapigano upande wa msitu wa Kibira, mafuta ya pikipiki yakakosekana, akaja kwa baiskeli.

Mwaka uliofuata, miezi michache baada ya uchaguzi, Hidaya alichimbua mstari wa kwanza. Mizizi ilitoka minene kama paja la mtoto, akahitaji watu wawili kuibeba. Siku hiyohiyo aling'oa nusu ya shamba la zamani bila kuombwa na mtu.

Majirani walianza kuja. Asubuhi moja Zuena alifika akamkuta Hidaya amesimama kwenye tuta mbele ya wanawake wanane, pingili mkononi. Alikuwa anawaonyesha mahali pa kukata, namna ya kulitazama jani kwa chini anapojificha inzi, na kwamba mche mgonjwa hauonewi huruma. Mmoja akauliza, na yule asiye na shamba jingine la kulisha watoto afanyeje? Hidaya akamwambia aanze na kona ile anayoweza kuiachilia. Zuena alisimama nyuma yao akingoja apate pa kusahihisha, akakosa, akawasha pikipiki yake kwenda kilima kinachofuata.